Mwenye Lupangu ni Nani? Kutafsiri kwa Kiswahili kanuni za chama cha kutunza bustani za mtaa

Utangulizi

Makala hii inahusu sentensi moja. Sentensi hiyo ni ya Kifaransa, na ndiyo ibara ya kwanza ya kanuni za kikundi cha wakazi wa mtaa mmoja wa Kambove: *Les propriétaires du quartier assurent bénévolement l'entretien des espaces verts.* Kikundi hicho kiliniomba, kama mwanafunzi wa lugha, niziandike kanuni zao kwa Kiswahili ili zisomwe mkutanoni na kubandikwa ukutani. Kwa kuwa hakijapata hati ya kusajiliwa, sitakitaja jina.

Shughuli za kikundi ni rahisi kueleza. Kati ya safu mbili za nyumba kuna ardhi ndefu isiyojengwa. Hapo ipo miembe, ipo mijakaranda michache, na upo uwanja ambapo watoto hucheza na wazee hukaa jioni. Wakazi hupanda, humwagilia wakati wa kiangazi, huzibua mfereji kabla ya mvua ya Novemba, na huwazuia watu wanaokuja na shoka kutafuta kuni za makala. Lakini liko pia jambo zito zaidi. Kila baada ya muda huzuka habari kwamba ardhi ile itagawanywa kuwa viwanja na kuuzwa. Kwa hiyo wakazi walitaka kanuni ambazo kila mtu wa mtaa anaweza kuzielewa na kuzitetea, hata yule asiyejua Kifaransa.

Sentensi ile ina maneno manne ya kutafsiri: *propriétaires*, *bénévolement*, *entretien* na *espaces verts*. Kila moja lina tafsiri ya haraka ambayo mtu yeyote angeitoa bila kufikiri. Nia yangu ni kuonyesha kwamba tafsiri hizo nne za haraka, zikiwekwa pamoja, zingewatoa nje ya chama nusu ya watu wa mtaa, zingeifanya kazi ionekane ya kipuuzi, zingeiacha bustani bila jani hata moja, na zingeikabidhi ardhi kwa yeyote anayeitaka. Nitayachukua maneno hayo moja baada ya jingine.

1. Propriétaire: mwenye, mwenye nyumba, mwenye lupangu

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, Likasi na Kambove, eneo analoishi mtu pamoja na nyumba yake na ua wake huitwa *lupangu*. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hatalikuta neno hili katika kamusi yake, lakini umbo lake halipaswi kumshangaza. Kiambishi *lu-* ni cha ngeli ya 11, ngeli ile ile ambayo katika Kiswahili sanifu imebaki na *u-* peke yake. Ulinganisho wa neno moja unatosha: Wabemba husema *ululimi*, Waluba wa Kasai husema *ludimi*, Waswahili wa pwani husema *ulimi*. Sisi huku tunaishi katikati ya *lu-*: mito yetu ni Lubumbashi, Lufira, Lualaba, Luapula. *Lupangu* limetoka katika lugha hizi za jirani, ambamo linahusu mahali palipozungushiwa uzio, na limeingia katika Kiswahili chetu likiwa na *lu-* yake kamili. Wingi wake niliousikia Kambove ni *malupangu*.

Basi *propriétaire*, kwa haraka, ni *mwenye lupangu*. Hapa matatizo mawili yanatokea.

Tatizo la kwanza ni la sheria. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi yetu ni mali ya Serikali peke yake, na mali hiyo haiuzwi. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kudumu, na anaweza kuwa na nyumba aliyoijenga juu yake, lakini udongo wenyewe haugeuki kuwa wake. Hata hivyo kila siku tunasema *mwenye lupangu*, *lupangu langu*, *nimeuza lupangu*. Lugha ya watu inamiliki kile ambacho sheria haikimilikishi. Simaanishi kwamba watu wanakosea. Neno *mwenye* katika Kiswahili halidai hati. Tunasema *mwenye njaa*, *mwenye watoto*, *mwenye duka*, *mwenye kusema*. Huonyesha kwamba mtu yuko pamoja na kitu, au kitu kiko pamoja naye. Neno *propriétaire* limezaliwa katika sheria, *mwenye* limezaliwa katika maisha. Ukitafsiri la kwanza kwa la pili, unapaswa kujua kwamba umebadilisha uzito.

Tatizo la pili ni la mtaani. Kitabu cha Kiswahili cha shule kingependekeza *wenye nyumba*. Lakini Tanzania, *baba mwenye nyumba* na *mama mwenye nyumba* ni watu wanaopangisha vyumba na kudai kodi mwisho wa mwezi. *Chama cha wenye nyumba*, kwa sikio la mpangaji wa Kariakoo, ni chama cha wale wanaomdai. Kwetu pia neno hilo humtenga yule tunayemwita *lokatere*. Na katika mtaa huu wa Kambove wapangaji ni wengi, nao ndio ambao watoto wao hucheza chini ya miembe ile.

Suala hili lilijadiliwa kwa ukali mkutanoni. Mzee mmoja alisema mpangaji ni ndege, leo yuko tawi hili, kesho lile. Atawezaje kupiga kura juu ya mti ambao hatauona ukikua? Hoja yake si ndogo. Mama mmoja anayeuza unga kando ya uwanja alimjibu kwa methali ambayo sote tunaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaongeza kwamba yeye amepanga kwa miaka mingi, na jembe analo.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili kina maneno yanayoweza kuwakusanya wote wawili. *Mkazi* au *mkaaji* hutokana na kitenzi *kaa*: ni mtu anayekaa, bila kujali hati aliyonayo. *Mwenyeji* humweka mtu upande wa pili wa *mgeni*. *Mwananchi* ni pana mno kwa mtaa mmoja. Nilipendekeza *wakazi*, na kwa kuwa neno hilo linaweza kusomwa kwa wasiwasi na pande zote mbili, nikaongeza maelezo ndani ya sentensi yenyewe: *wakazi wa mtaa, wenye nyumba na wapangaji*. Maelezo haya hayamo katika Kifaransa. Ni nyongeza, na nyongeza katika tafsiri huhitaji sababu. Sababu yangu ni kwamba kikundi kilipiga kura kuwakubali wapangaji, na tafsiri inafuata uamuzi wa wenye kanuni kuliko neno la rasimu.

2. Bénévolement: bure, salongo, kujitolea

Kamusi ndogo za Kifaransa na Kiswahili huwa zinatupeleka kwenye *bure*. Lakini *bure* lina sura mbili. *Elimu ya bure* ni elimu isiyolipiwa. *Amekufa bure*, *umesema bure*, ni kitu kisicho na faida. Sura hizi mbili hutenganishwa na muktadha, na muktadha wa Katanga unaziunganisha vibaya. Kwa nini? Kwa sababu kitenzi chetu cha kila siku cha kufanya kazi ni *kutumika*. Mtu wa Lubumbashi husema *anatumika ku mgodi*, akimaanisha kwamba ameajiriwa huko. Katika Kiswahili sanifu *kutumika* ni kutumiwa au kutumikia. Kwa hiyo sentensi *wakazi wanatumika bure*, ambayo kwa mtu wa Kambove inamaanisha wanafanya kazi bila mshahara, kwa mwalimu kutoka Zanzibar inaweza kusikika kama wanatumiwa bila faida. Na nadhani hata kwa mtu wa Kambove mwenyewe kivuli cha maana hiyo ya pili hakiko mbali.

Neno *kazi* katika mkoa huu lina historia nzito. Johannes Fabian, mtafiti aliyefanya kazi Katanga kwa miaka mingi, mwaka 1973 alichapisha makala nzima kuhusu neno *kazi* kati ya wafanyakazi wa Katanga waliokuwa katika kundi la Jamaa. Si ajabu. Hapa palikuwa na kampuni ya Union Minière tangu 1906. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Wazazi wa wazazi wetu walipokuja kambini, *kazi* ilikuwa ni ile yenye mshahara, posho na nyumba. Kulima nyuma ya nyumba hakukuitwa kazi kwa maana hiyo. Ukimwambia mjukuu wao kwamba kuna *kazi ya bure*, umeunganisha maneno mawili ambayo kwake yanapingana.

Neno la pili linalokuja mdomoni ni *salongo*. Limetoka katika Kilingala na linakumbusha kitenzi *kosala*, kufanya. Lilisambaa nchini katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kama jina la kazi ya pamoja ya kusafisha barabara, mifereji na mashamba. Salongo ina uzuri wake: ni neno ambalo kila mtu analijua, linaita watu haraka, na halihitaji maelezo. Lakini ilikuwa kazi ya kuamriwa na wakubwa. Wazee wa mtaa wanapolisikia huuliza kwanza nani ameamuru. Majirani zetu wa Rwanda wana *umuganda*, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi na ambao ni wajibu wa kisheria. Wakenya wana *harambee*, ambayo zaidi ni wito wa kuchangishana. Upareni kuna *msaragambo*, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila neno hubeba namna yake ya kuwakusanya watu, na haliwezi kuhamishwa bila kuhamisha na mkusanyaji.

Nilichagua *kujitolea*. Tukichambua umbo lake tunapata *ku-ji-to-le-a*: mzizi wa *toa*, kiambishi rejeshi *-ji-*, na kauli ya kutendea. Ni kujitoa kwa ajili ya kitu au mtu. Mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna nafasi ya bwana mkubwa katikati. Na kauli ya kutendea inadai shabaha: huwezi kujitolea hivi hivi, unajitolea kwa jambo. *Bure* inataja kile kinachokosekana, yaani malipo. *Kujitolea* inataja kile kinachotolewa.

Tofauti hii iliamua pia jina la fedha. Rasimu ilisema *cotisation*, na mtaani watu husema *kotizasio*. Kulikuwa na pendekezo la *kodi*, lakini kodi hudaiwa na mwenye mamlaka. *Ada* ni malipo ya huduma, kama ya shule. *Mchango*, kutoka *changa*, ni kile ambacho kila mmoja analeta ili kifanye kitu pamoja na vya wengine. Ibara ya fedha ikawa ya mchango, na mweka hazina akaomba tuongeze wajibu wa kuandika kila kinachoingia na kutoka, akisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Entretien: kusafisha au kutunza?

Hapa ndipo tafsiri ya haraka inaweza kuua mti. Rasimu ya kwanza ya Kiswahili, iliyoandikwa na wakazi wenyewe kabla sijaitwa, ilisema *kusafisha bustani*. Ni Kiswahili kizuri. Lakini tuulize: lupangu safi ni lipi?

Kwa watu wengi wa mkoa wetu, lupangu safi ni lile lililofagiliwa hadi udongo wenyewe, *bulongo*, uonekane. Hakuna majani, hakuna jani kavu, mistari ya ufagio inaonekana asubuhi. Desturi hii ina akili yake. Nyasi ndefu huficha nyoka, maji yaliyotuama huzaa mbu. Wakati wa ukoloni wakaguzi wa usafi walipita kambini, na tangu hapo ua mtupu ni ishara ya mama wa nyumba aliye mwangalifu. Neno *majani* lenyewe linashirikiana na desturi hii: ni majani ya mti, lakini pia ni magugu, na *kukata majani* ni kufyeka.

Basi ukiwaita watu Jumamosi *kusafisha* ardhi ya wazi, watafanya kama wanavyofanya nyumbani. Watafyeka nyasi hadi mzizi pamoja na miche ya miti iliyojificha ndani yake, watafagia majani makavu na kuyachoma. Kisha mvua inakuja. Lubumbashi na maeneo yake hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Novemba na Aprili. Udongo mtupu unaopigwa na mvua ya namna hiyo huchukuliwa hadi mferejini, mfereji unaziba, na maji yanaingia katika nyumba za bondeni. Watu wanaona maji na kusema: tusafishe zaidi.

*Kutunza* ni kitenzi kingine kabisa. Mtu hutunza mtoto, mgonjwa, siri, akiba. Kinachotunzwa hubaki na hukua. *Kusafisha* huondoa, *kutunza* hubakiza. *Kuhifadhi*, ambalo linapendwa na miradi ya misitu, linafaa mbuga ya wanyama, lakini kwa bustani ambamo watoto watapanda miembe kila siku linafunga mlango. *Kulinda* lina askari ndani yake. Kwa hiyo niliandika *kutunza*, na katika ibara ya kazi za Jumamosi tukagawanya vitenzi: *takataka ziokotwe, mfereji uzibuliwe, nyasi zipunguzwe, miche imwagiliwe, majani makavu yawekwe kwenye mashina ya miti*. Kila kitu kimepewa kitenzi chake. Neno *usafi* halikufutwa. Limebaki kwa takataka na mfereji, mahali pake.

Ni lazima niongeze jambo la mahali petu. Si kila udongo mtupu wa Haut-Katanga umefagiliwa na mtu. Juu ya vilima vyenye shaba nyingi miti haioti. Huota nyasi na mimea midogo iliyozoea madini, kama ile ambayo wataalamu huiita *Haumaniastrum katangense* na ambayo imepewa jina la ua la shaba. Kuna pia mahali palipokuwa na msitu wa miombo na pakaharibiwa. Lubumbashi, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, uliofuka kwa miongo mingi tangu 1911, vilima vilibaki bila miti, na watafiti wa Chuo Kikuu chetu wamejaribu kurudisha nyasi huko. Kuzunguka miji yote, miombo inakatwa kwa ajili ya makala, kwa sababu umeme hautoshi na sufuria haingoji. Katika nchi ya namna hii, mti mmoja uliosimama kati ya nyumba ni kitu kinachohitaji kitenzi chenye uangalifu.

4. Espace vert: eneo la kijani au bustani ya wote?

*Eneo la kijani* ni tafsiri ya neno kwa neno. Inaeleweka katika ripoti. Lakini mtaani watu wengi hutaja rangi hii kwa kusema *rangi ya majani*, au kwa neno la Kifaransa, na *eneo la kijani* huwaletea picha ya ukuta uliopakwa rangi. Pia *eneo* ni neno la ramani. Ardhi inayoitwa *eneo* tayari imeanza kupimwa.

*Bustani* lilifika pwani kutoka Uajemi na limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Lina maana ya mahali palipopandwa na mtu. Swali gumu ni neno linalofuata: bustani ya nani?

*Bustani yetu* lilipendwa na wengi. Lakini Kiswahili hakitofautishi *sisi pamoja nanyi* na *sisi bila ninyi*. Kibao cha *bustani yetu* kikisomwa na mtu wa mtaa wa pili kinaweza kumwambia aondoke. *Bustani ya umma* ni sahihi kisheria, ila neno *umma* halisikiki sana midomoni mwa watu wa Kambove. Neno ambalo wangelitumia ni *Leta*, jina letu la Serikali, kutoka Kifaransa. Na hapo hatari inarudi. *Kitu cha Leta* katika mazungumzo yetu mara nyingi ni kitu ambacho hakina mtu wa kukilinda. Barabara ya Leta ikichimbika, hungoja Leta.

Sheria ya 1973 inatusaidia kuona jambo ambalo lugha ya kila siku inaficha. Inatofautisha ardhi za Serikali za aina mbili: zile zilizotengwa kwa matumizi au huduma ya watu wote, na zile zinazoweza kupewa watu binafsi. Ardhi ya aina ya kwanza haiwezi kupewa mtu maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo *ya Leta* si jibu moja bali ni majibu mawili, na bustani ya mtaa inaishi au inakufa kati ya hayo mawili. Katiba ya 2006 nayo, katika ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na papo hapo inampa wajibu wa kuyatetea. Na ibara ya 142 inaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku sitini. Hapo ndipo kitivo chetu kinapoingia. Mkazi anawezaje kutetea kile ambacho kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma?

Niliandika *bustani ya wote*. Wanafunzi wenzangu waliosoma rasimu yangu walisema *wote* ni neno lenye kuelea, *wote* wapi? Najibu kwamba ibara ya pili inataja mipaka kwa majina ya barabara zake, na kwamba *wote* linakataa mambo mawili kwa mara moja: haliruhusu mmoja ajitwalie, wala halimwachii Leta peke yake.

5. Ulinganisho: Nairobi

Vyama vya wakazi vina historia ndefu zaidi Nairobi, na majina yao yanafundisha. Cha zamani kinachojulikana ni kile cha Karen na Lang'ata, kilichoanzishwa mwaka 1940, ambacho watu hukiita Karengata kwa kuunganisha majina ya sehemu hizo mbili. Ni chama cha mahali, na mahali penyewe ni pa watu wenye viwanja vikubwa. Katika miaka ya 1990 kilipambana mahakamani na halmashauri ya jiji kuhusu kodi za ardhi ambazo wakazi waliona hazirudi kama huduma. Nguvu yake ilitokana na umiliki: aliye na hati hulipa kodi, anayelipa kodi anaweza kudai.

Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,041 ndani ya jiji lile lile, una hadithi tofauti. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti huko. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sheria ya misitu ya 2005 iliruhusu jamii zinazoishi kando ya msitu kuunda vyama na kushirikiana na Serikali katika utunzaji, na chama cha Karura kikajiita *marafiki* wa msitu. Karibu yake kuna mitaa ya matajiri kama Muthaiga na Runda, na kuna pia kijiji cha mabanda cha Huruma, ambacho watu wake nao walishirikishwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, *rafiki* ni uamuzi. *Mwenye* huuliza hati iko wapi, *mkazi* huuliza unalala wapi, *rafiki* huuliza unafanya nini. Hata hivyo kila neno lina gharama yake. Urafiki na Karura unapitia mlangoni, ambapo mgeni hulipa kiingilio. Kwa mtaa wa Kambove, ambao hauna uzio wala mlango, *rafiki* lingekuwa jepesi mno: anayetaka kuuza ardhi hiyo naye angeweza kujiita rafiki. Ndiyo maana tulibaki na *wakazi*.

6. Sentensi iliyokubaliwa na kibao

Baada ya mikutano miwili ibara ya kwanza ilipitishwa hivi:

*Wakazi wa mtaa, wenye nyumba na wapangaji, wanajitolea kutunza bustani ya wote.*

Niligusia mkutanoni uwezekano wa *hujitolea*, lakini *hu-* ya mazoea ingesema kwamba jambo hili limekwisha kuwa desturi, na katika Kiswahili cha huku haisikiki sana. *Wanajitolea* inasema wako kazini sasa.

Kibao kilizusha swali la mwisho. Mapendekezo mengi yalianza na *Ni marufuku*, kwa mfano wa *Défense de* iliyojaa katika miji yetu. Marufuku ni ya mwenye mamlaka, na kikundi hiki hakina polisi. *Miti isikatwe* inaficha mkataji katika kauli ya kutendwa, na aliyefichwa hajisikii kuambiwa. Hatimaye wakazi walichagua mfano wanaoujua kutoka katika kuta za miji yetu, ambapo mwenye nyumba anayeogopa matapeli huandika kwa rangi kwamba nyumba yake si ya kuuza. Dar es Salaam ukuta huo huo husema *Nyumba hii haiuzwi*. Kibao cha Kambove kitasema: *Bustani hii haiuzwi. Ina watu wake.*

Haiamuru kitu. Kisarufi ni taarifa tu, kauli ya kutendwa katika hali ya kukanusha, ikifuatwa na sentensi fupi ya *-na*. Lakini *haiuzwi* ndiyo hasa inayosemwa na sheria ya 1973 juu ya ardhi yote ya nchi, na *ina watu wake* imegeuza mwelekeo wa *mwenye*. Hapa watu hawadai kuwa na bustani. Bustani ndiyo yenye watu. Anayekuja na kamba ya kupimia atalazimika kuuliza watu hao ni akina nani, na jibu litakuwa limeandikwa katika ibara ya kwanza, kwa lugha ambayo yeye na wao wanaielewa.

Maswali ya mazoezi

1. Tafuta maneno matano ya Kiswahili cha Katanga yaliyobaki na *lu-* na uyalinganishe na maumbo ya Kiswahili sanifu, Kibemba na Kiluba.

2. Eleza tofauti kati ya *kusafisha*, *kutunza*, *kulinda* na *kuhifadhi* kwa kutumia kitu kimoja tu kama yambwa, kwa mfano *kisima*.

3. *Bure* ina maana ngapi katika mtaa wako? Kusanya sentensi kumi zilizosemwa na watu, kisha uonyeshe ni nini katika muktadha kinachotenganisha maana hizo.

4. Tafsiri kwa Kiswahili: *Tout propriétaire est tenu de planter un arbre devant sa parcelle.* Toa matoleo mawili, moja litakalomhusisha mpangaji na moja litakalomwacha nje, na uonyeshe ni neno gani limeleta tofauti.